Ndoo ya Bluu Haipo Kwenye Msumari

Hidaya mwanangu,

Ukianza kusoma hapa umeshaamka, umeshaswali alfajiri, umetoka uani kwa mazoea yako kuchukua ndoo ya bluu kwenye msumari wa jikoni, na mahali pa ndoo umekuta daftari langu limefungwa kamba. Ndoo usiitafute. Nitakwambia iko wapi nikifika mwisho, na kwa ninavyokujua utataka kuruka kurasa uende huko kwanza. Usiruke. Gari la kwenda bandari ya Nyamisati linapita barabarani saa moja na nusu, na barua hii hata ukiisoma kwa kituo haizidi dakika ishirini. Muda unao.

Naandika baada ya alasiri, nimekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Wewe uko kwa jirani yetu Bi Somoe unasukwa. Nilimwuliza mistari mingapi, akasema ishirini na miwili, nikapiga hesabu nikaona nina saa mbili na nusu kabla hujarudi. Salamu na dua nitakupa kwa mdomo, hizo hazitaki karatasi. Wala sitaandika mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na kufunga mlango mapema. Wewe ndiye uliyesomea uuguzi. Nikianza kukufundisha chandarua nitakuwa najifurahisha tu.

Naandika kwa sababu ya maneno yako ya jana. Tulikuwa tunachambua mchicha, ukasema bila kuniangalia, "Mama, labda nikae mpaka vuli ianze. Wiki tano, sita tu. Nitampigia daktari wa zahanati nimweleze." Mimi nikajifanya sikusikia, nikainuka kwenda kuzima moto ambao haukuwa unawaka. Sasa hili ndilo jibu langu, na jibu ni hapana, hukai. Ila hapana yangu haitakuwa na nguvu kama hujui kilichotokea kiangazi cha mwaka jana.

Najua utasema unajua. Jumanne nilianza kukueleza, tumechuchumaa kwenye tuta la bamia, ukanikata kwa maneno manne. "Nilijua, mama. Tangu zamani." Nimekaa na maneno hayo manne siku tano sasa, na sikufichi, kifua kimekuwa chepesi, nimelala usingizi ambao sikuwa nimeupata mwaka mzima. Lakini unajua nilichofanya tu. Kwa nini nilifanya, hujui. Umenisamehe kwa kukadiria, na mimi sipendi vitu vya kukadiria.

Nianzie mbali kidogo. Vumilia.

Nilizaliwa bondeni, hilo si geni kwako. Usilolijua ni jinsi mtu wa bondeni anavyoyaona maji. Babu yako alilima mlau. Mto Rufiji ukifurika unapanda mpaka shambani, unakaa wiki kadhaa, halafu unaondoka taratibu unaacha tope jeusi. Unavyorudi nyuma ndivyo tunavyoufuata na mbegu. Babu anatangulia na kijiti cha kutobolea, mimi nyuma yake na mahindi kwenye kikapu, punje tatu kila shimo, nafukia kwa kisigino. Basi. Baada ya hapo hakuna mtu anayebeba tone la maji. Kazi iliyobaki ni kukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, kufukuza ndege na nyani na kuomba kiboko apite mbali. Mahindi yanakunywa kutoka chini. Mpaka nakuwa mwali sikuwahi kumwona mtu amebeba ndoo anakwenda kuumwagilia mmea. Ningemwona ningejua amerukwa na akili.

Shamba lile lilikuwa hatua mia na arobaini kwa hatua sitini. Nililipima kwa miguu yangu siku ya arobaini ya babu yako, kwa sababu kaka yangu, mjomba wako Selemani, alikuwa ameanza kuzungumza kama mtu asiyetaka kusikia vipimo. Bibi yako alikuwa ameshatangulia, tumebaki watoto wawili. Kwa mirathi yetu fungu langu ni theluthi. Nikajikatia hatua arobaini na sita kwa sitini, upande wa mkuyu, na ile sehemu ya hatua iliyozidi nikamwachia yeye. Akanitazama, akasema, "Mwanamke ana mume. Ya mumewe yatamtosha." Mume mwenyewe wakati huo ameshahamia kwa mke mdogo Ikwiriri, na Selemani alijua, maana ndiye aliyeniletea habari. Sikupata hata hatua moja. Sijamsamehe, na usiniombe nimsamehe, hilo halimo kwenye barua hii. Nalitaja kwa sababu siku ile nilijiapiza kwamba kitu kikishaingia mkononi mwangu hakitoki tena. Nilijiona shujaa.

Nikaja Kibiti na wewe mgongoni. Kiwanja hiki nilikipata kwa vibarua vya kuokota korosho misimu mitatu. Mchanga mtupu. Nikajenga chumba kimoja cha udongo, na nyuma yake nikajipimia bustani, hatua kumi na nane kwa ishirini. Masika yalipokwisha nikaona wakati ndio huu. Nikachonga kijiti, nikatoboa mashimo, bamia na kunde, punje tatu tatu, nikafukia kwa kisigino, nikakaa kungoja. Ndiyo, mwanangu. Nilipanda mlau kwenye mchanga wa Kibiti, hatua mia mbili na kumi kutoka kisimani, na sikumwaga maji hata kikombe. Nilikuwa nangoja yaje kutoka chini.

Bi Somoe alikuwa ameshakuwa jirani yangu. Yeye Mmatumbi, wa milimani kule kusini, na sisi wa mtoni tunataniana nao, kwa hiyo hapakuwa na wa kumshika mdomo. Siku ya kumi na mbili akaja akaegemea ua.

"Mtani, umepanda nini?"

"Bamia."

"Ziko wapi?"

"Zinakuja."

"Zinakuja na mto?" Akajipiga paja. "Basi utangoja sana, mwenzangu. Hapa mto haupiti, inapita barabara. Labda lianguke lori la maji."

Nikamwambia, "Nyie wa milimani mnajua nini cha kulima, mnapalilia mmejifunga kamba kiunoni msiporomoke." Tukacheka wote, lakini yeye alicheka zaidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekosa bamia. Ziliota mbegu tisa. Kufika siku ya ishirini zote tisa zimekauka.

Nikaliona kosa, nikalikimbia, nikaangukia la upande wa pili. Niliposhika ndoo sikuiacha. Matuta kumi na manne, kila tuta ndoo mbili asubuhi na mbili jioni, jumla hamsini na sita kwa siku. Wewe ulianza na kopo la maziwa ukiwa na miaka mitano. Kikaja kidumu, ikaja ndoo ndogo, na ulipomaliza darasa la saba nikakununulia ile ya bluu ya lita ishirini, ukaifurahia kama nguo ya Idi. Kuanzia hapo tukagawana nusu kwa nusu, safari ishirini na nane mimi, ishirini na nane wewe. Kwenda na kurudi ni hatua mia nne na ishirini. Zidisha utapata elfu kumi na moja, mia saba na sitini, kila siku ya kiangazi, kila mmoja wetu, na nusu ya hizo maji yakiwa kichwani. Ndiyo maana shingo yako imenyooka namna ile. Watu wanadhani ni maringo.

Sizidharau ndoo zile. Bati thelathini na mbili za nyumba hii zimetoka kwenye mchicha na nyanya chungu, na sare zako zote, na chuo chako. Hakuna mjomba aliyeleta hata msumari. Lakini nilifika mahali nikaamini ndoo moja ikipungua tuta linakufa, na tuta likifa paa linang'oka. Na kuna jambo moja ambalo halikukubaliana na imani hiyo, nikawa naliruka kila nikipiga hesabu. Ile miaka mitatu uliyokuwa chuoni nilipunguza matuta yakabaki saba. Nilikula, nilivaa, sikukopa. Uliporudi na begi lako, siku ya pili tu nikayafufua yote kumi na manne.

Ulikumbuka kuniuliza kwa nini? Hukuuliza. Ulichukua ndoo msumarini.

Sasa kiangazi cha mwaka jana. Ulikuwa umemaliza chuo miezi mitano, simu yako imepasuka kioo, kila ulipoomba kazi ukaandika namba yangu. Siku hiyo wewe uko kisimani, mimi napalilia. Simu yangu ikaita. Mwanamume wa sauti ya upole, akasema yeye ni daktari wa zahanati huko kisiwani, deltani, ana nafasi ya muuguzi, anamtaka Hidaya wiki ileile.

Nilimjibu hivi, sipunguzi neno: "Hidaya anaumwa. Na akipona pia hatakuja, ameshapata kazi kwingine."

Akasema pole sana mama. Akakuombea shifaa kwa Mungu, dua ndefu, yenye amina. Mtu hanijui simjui, anamwombea mwanangu mzima ugonjwa niliouzua mimi. Na mimi nikaitikia amina. Ukaja na ndoo kichwani ukauliza, "Nani huyo, mama?" Nikasema, "Hao watu wa mtandao, wanataka kuniunganisha na huduma." Ukacheka, ukamwaga maji kwenye tuta la tatu. Nakumbuka ni la tatu kwa sababu sikuweza kuinua macho, nikawa naangalia maji yanavyozama.

Mwezi uliofuata ukashikwa na malaria kweli. Ulikuwa unatetemeka kwenye mkeka na mimi natetemeka kukushinda, maana nilijua nani alikuita mgonjwa kwanza.

Nilijiambia ni ndoo. Hizi ishirini na nane zake atabeba nani? Nikakwambia hata wewe, ulipotaka kwenda kuulizia kazi Ikwiriri: subiri kwanza vuli ianze, bustani itakufa. Unayatambua maneno hayo? Jana umenirudishia, mpaka wiki ulizozitaja zilikuwa zangu. Lakini mtu aliyeishi na matuta saba miaka mitatu akashiba hawezi kusingizia ndoo. Nilikushika kama zile hatua arobaini na sita. Wewe ndiye kitu pekee ambacho Selemani hakukitoa mkononi mwangu, na sikutaka mtu akichukue, hata kwa heri, hata kwa sauti ya upole yenye dua. Sababu ndiyo hiyo. Siipambi.

Baada ya simu ile bustani ikawa kama inanisema. Nyanya chungu zikawa zinalala kila adhuhuri, majani yameninginia. Nikaongeza umwagiliaji wa tatu, wa saa saba mchana, na wewe hukulalamika, ukabeba. Zikazidi kulala. Siku moja Bi Somoe akapita, akaangalia. Akaingia ndani ya ua akang'oa mche mmoja.

"Weye! Mche wangu huo."

"Ulikuwa wako." Akaugeuza mizizi juu. "Tazama, mtani."

Mizizi yote ilikuwa imetanda pembeni, juu juu. Kwenda chini haikufika urefu wa kidole changu cha kati.

"Unaulambisha udongo maji asubuhi, mchana na jioni," akasema. "Mizizi ishuke chini kumfuata nani?"

"Huoni inakauka, Somoe? Nisipomwagilia itakufa leo leo."

"Naona. Mmea wako hauna shida ya maji. Una shida ya weye."

Nikamwambia, "Ningekuwa na nguvu ningekucharaza na huo mche."

"Nicharaze. Ila kwanza nitafutie makumbi."

Kwao milimani tuta la kiangazi halinyanyuliwi, linazamishwa. Wanachimba mpaka magotini, chini wanapanga makumbi ya nazi yamekaa kama vikombe, wanarudishia udongo na samadi, na juu kabisa wanatandaza majani makavu jua lisiguse. Ukimwagilia maji yanakwenda kukaa chini, mizizi inayafuata huko. Nilimsikiliza huku aibu inanipanda, kwa sababu sikuwa najifunza kitu kipya. Huo ulikuwa mlau. Ndivyo mto ulivyokuwa unanywesha mahindi ya babu yako, kutoka chini. Nilikuwa nalijua tangu mtoto, nikalitumia mahali ambapo maji ya chini hayakuwepo, na baada ya hapo nikalitupa lote kwa hasira badala ya kuyapeleka maji chini kwa mkono wangu.

Nikaanza na tuta moja, la kumi na nne, la kona karibu na mlonge. Uliniuliza mara mbili, "Mama, mbona hili tunaliruka?" nikasema lina mchwa. Uongo tena, lakini huo sijauwekea huzuni. Nililimwagia ndoo tatu siku ya kwanza, halafu nikakaa. Siku ya pili miche ikalala mchana, ikainuka jioni. Siku ya tatu vilevile. Hidaya, kubeba ndoo nimebeba miaka ishirini na moja, sikuwahi kuona kazi ngumu kama kusimama juu ya tuta lile na ndoo imejaa na nisiimwage. Mikono iliniwasha. Nilikuwa naizunguka bustani kama mtu aliyelaza mgonjwa. Wiki ya tatu nikafukua pembeni kwa vidole. Mizizi ilikuwa imefika kwenye makumbi, imeyakumbatia, na mkono wangu ulikuwa umezama mpaka kiwiko.

Nikachimba la pili, na la tatu. Ulinisaidia mengi ya yale mengine, kwa hiyo unajua ndoo zimepungua, ila hujaziweka kwenye hesabu. Mimi nimeziweka. Matuta kumi na manne, ndoo tatu kila tuta, kila siku ya tatu. Hiyo ni ndoo arobaini na mbili kwa siku tatu. Kumi na nne kwa siku. Zamani, nikiwa na wewe, nilikuwa nabeba ishirini na nane. Yaani kuanzia kesho, peke yangu, nabeba nusu ya nilizobeba tulipokuwa wawili. Rudia hesabu kwenye boti kama huniamini. Huwezi kukaa mpaka vuli kwa ajili ya ndoo ambazo hazipo.

Halafu wiki tatu zilizopita namba ile ikaita tena. Nilikuwa sijaifuta. Niliiandika "Zahanati", kwa herufi kubwa, ili siku ikiita nisipate nafasi ya kujifanya siijui. Wewe tena uko kisimani. Nikatupa jembe, nikakimbia hatua zile mia mbili na kumi na umri wangu huu, simu inalia mkononi, ikakatika, ikalia tena. Nikakupa. Ukajifuta mkono kwenye kanga ukapokea. Ulisema "ndiyo" mara sita, nilihesabu. Ndiyo ya sita ilipotoka nikakaa kwenye ukingo wa kisima, ukadhani nimeumia. Sikuumia. Ilikuwa kama umebeba ndoo muda mrefu mpaka ukasahau, halafu mtu akakutua.

Na kumbe nilikuwa sijajua hata nusu. Jumanne, baada ya yale maneno yako manne, nilikuuliza tangu lini. Ukaendelea kuchuma bamia, ukasema, "Watu wa mtandao hawaitikiwi amina. Namba si ilikuwa kwenye simu yako. Nilimpigia kesho yake. Nikamwambia nimepona."

Nimepona. Hukumwambia kwamba mama yako ni mwongo. Ukasema umepona.

"Na ile kazi nyingine?" nikauliza.

"Nikamwambia ipo kweli. Ya kubeba maji. Nikamwomba nafasi ikitokea tena anikumbuke, mama peke yake hawezi."

Kwa hiyo mwaka mzima mimi nimelala na ufunguo chini ya mto nikiamini nimekufungia, na wewe ulikuwa na ufunguo wako mfukoni, umekaa ndani kwa hiari yako kwa sababu ulizihesabu ndoo zangu ukaniamini. Sijui kama nicheke au nilie, na nimefanya vyote viwili, kwa zamu. Lakini hilo ndilo linalonifanya nikatae wiki zako tano. Mwaka jana nilikuzuia mimi. Mwaka huu unataka kujizuia mwenyewe kwa ajili yangu, na ukifanya hivyo nitakuwa nimefanikiwa kuliko nilivyokusudia. Sitaki ushindi huo.

Niongeze habari ya mjomba wako, kisha nimalize. Alinipigia mwezi uliopita, mara ya kwanza tangu Idi kubwa. Mto umehama, anasema, umemega shamba, hatua hamsini zimekwenda. Nikamwuliza upande gani. "Upande wa mkuyu." Nikapiga hesabu palepale: arobaini na sita zangu, pamoja na nne zake. Nikacheka mpaka akakasirika akakata simu. Haimaanishi fungu lile lilikuwa lake. Lilikuwa langu hata likiwa chini ya maji, na siku tukikutana nitamwambia hivyo. Ila nimelinda fungu lile kifuani miaka yote hii, na hata ningepewa, leo kiboko angekuwa analala juu yake. Jioni ile nilikula wali bakuli mbili.

Sasa ndoo yako.

Leo mchana ulipokwenda kuaga kwa shangazi yako kule Dimani, niliitoa msumarini. Nikapasha msumari wa inchi nne kwenye makaa, nikaitoboa chini matundu kumi na mawili. Bi Somoe akanikuta nikiwa na koleo mkononi.

"Mtani, umeharibu ndoo nzima."

"Ndiyo nia yangu."

Akaniangalia, akaiangalia ndoo, akaenda mwenyewe kuniletea kumbi. Nimeweka kumbi chini, udongo wa tuta la kumi na nne mpaka nusu tu ili ubebeke, na mche wa pilipili mbuzi wenye majani manane. Huko kisiwani nasikia ardhi ina chumvi na visima vina chumvi, kwa hiyo shamba lako litakuwa humo. Upe mche lita mbili za maji ya mvua kila siku ya tatu. Nilisema sitakupa maagizo, hili ndilo pekee. Siku ya pili, adhuhuri, mche utalala, na wewe utaingiwa na huruma. Naijua huruma hiyo. Iache ipite.

Iko mlangoni, pembeni ya begi lako. Kwenye boti watakutania, binti mzuri amesukwa mistari ishirini na miwili anapakata ndoo mbovu. Waambie mama yako mtu wa mtoni, watakuelewa.

Nawasikia mnakuja, wewe na Somoe, mnabishana sijui nini, kwa hiyo naacha hapa. Ukiwa bado umesimama hapo jikoni unafikiri huwezi kuondoka bila kunibebea japo safari moja ya mwisho, jua kwamba nimekuzibia na hiyo. Kabla sijatia udongo niliipeleka ndoo kisimani kuijaribu. Niliijaza pomoni, nikajitwisha, nikaanza kurudi. Kufika hatua ya mia na sabini ikawa tupu. Arobaini zilizobaki nilizitembea nimelowa kichwa mpaka miguuni, nacheka peke yangu njiani.

Mama yako